Wosia wa Bi Tatu Kwenye Spika ya Sufuria

Haya, nimeona bora niseme mwenyewe, maana kila ninapokaa kuna mtu ananiangalia halafu anaziba mdomo kwa upande wa khanga. Ndiyo, ni mimi. Ule wosia uliosikika mtaa mzima Kariakoo, kwenye spika ya duka la sufuria, alasiri ya Jumatatu watu wakiwa wamejaa hadi barabarani, aliyeutoa ofisini ni mimi Skola, karani wa sheria, niliyeapa kutunza siri za wateja na nikapewa na shati lenye nembo. Sikutumwa na mtu wala sikununuliwa (kununuliwa nilinunuliwa kidogo, kwa hotpoti, ila hilo nitalifikia, msinikimbize).

Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, ukitokea Mnazi Mmoja unaingia mtaa wa maduka ya khanga, unapita kwa muuza mihogo ya kukaanga, unapandisha ngazi ambazo hazina taa. Bosi wangu ni mwanamke, mtaa mzima tunamwita Mama Wakili, na kazi yake kubwa ni wosia na mirathi. Mama Wakili ana msimamo mmoja, kwamba mteja anapoeleza wosia wake hakatizwi na kalamu, anaachwa aseme kama anavyosema kwake, rekoda inanasa, halafu mimi nasikiliza nachapa, yeye anapanga kisheria, mteja anarudi kusaini mbele ya mashahidi. Kila Ijumaa anafuta kila kitu kilichomo kwenye ile rekoda kwa mkono wake mwenyewe. Siri ya mteja kwake ni kama yai, hataki hata ulishike ukiwa na haraka.

Sasa chini yetu, mkabala na mlango wa jengo, kuna fremu mbili, maduka ya khanga yaliyobanana ukuta kwa ukuta. Moja ya Bi Tatu, nyingine ya Bi Asha. Hawa walikuwa wake wenza, mume wao marehemu Mzee Kombo alikuwa mtu wa haki mpaka anaudhi, alipompa mmoja fremu akampa na mwenzake fremu, upana sawa, rafu sawa, hata misumari nadhani alihesabu. Mzee alipofariki, hata arobaini haijaisha, wale mama wakagombana, na tangu hapo miaka kumi na mmoja hawajasemeshana neno kwa mdomo. Kwa mdomo nimesema. Kwa khanga walikuwa wanasemana kila siku. Asubuhi Bi Tatu akitundika mbele ya duka khanga yenye maneno yake, saa mbili baadaye Bi Asha ametoa ya kujibu, na sisi wa ghorofani tunasoma dirishani kama gazeti. Jumatatu hiyo Bi Tatu alikuwa ametundika "Langu jicho", na mwenzake akamjibu "Mali ya dhuluma haina baraka". Mimi nikacheka, nikajua hiyo ya leo imeingia, sikujua imeingia wapi.

Saa tatu asubuhi namwona Bi Tatu huyo anapanda ngazi zetu, mama mdogo wa umbo, miaka sabini na kitu, anahema, baibui amelishika mkononi.

"Shikamoo Bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Funga mlango."

Wiki ile ile alikuwa anasafiri kwenda Hija. Na mnajua mtu akienda Hija, anapita kwa watu kuomba radhi, alimkosea nani, alimsema nani, alimpunja nani khanga ya pili kwenye doti. Bi Tatu alishapita mtaa mzima, hadi muuza mihogo aliombwa radhi na wala hakujua alikosewa nini. Duka moja tu ndilo alikuwa hajaingia, na ndilo lililo hatua tatu kutoka kwake.

Nikawasha rekoda, nikaiweka mezani, nikakaa pembeni. Akasema akirudi Hija anastaafu, miguu inavimba, amechoka kukaa kwenye kigoda, duka atawaachia wanawe wawili wa kiume wapange wenyewe, na akifa wagawane kwa hukumu ya dini, hilo halina mjadala. Akanyamaza. Mama Wakili naye akanyamaza (ana ujuzi wa kunyamaza, mimi ningeshauliza). Halafu Bi Tatu akaanza kulia taratibu, akasema kuna jambo la Asha, na anaomba liandikwe vizuri, lifungwe, lisisomwe mpaka yeye awe ameshafukiwa.

Sitawaficha, nilitoa machozi. Na mtu aliyetoa machozi kwa siri ya watu saa nne asubuhi, alasiri ya siku hiyo hiyo ndiye aliyeitoa nje, sasa mnipime wenyewe.

Alipoondoka, Mama Wakili akachukua mkoba wake wa mahakamani. "Skola, hilo la Bi Tatu lianze leo. Na lisitoke humu."

"Litoke liende wapi, Mama?" nikamjibu kwa maringo kabisa.

Nikabaki peke yangu ofisini. Mimi nikibaki peke yangu nina tabia, naomba msiiseme kwetu Masasi. Nakaa kwenye kiti cha Mama Wakili. Nakizungusha. Navaa miwani yake ya pili. Naigiza sauti yake, ile ya kutokea puani, "Skola, hii ni chai au maji ya kunawia?" halafu najijibu mwenyewe. Siku hiyo mama yangu mzazi akapiga simu nikiwa katikati ya maigizo, nikampokea nikiwa nimeegemea kiti, nikamwambia mama siwezi kuongea sana nina kesi tatu, mawakili wenzangu wananisubiri. Maana mama Masasi kule anajua mimi ni wakili. Sikumdanganya siku moja, nilianza kwa kusema "nafanya kazi kwa wakili", yeye akasikia furaha, mimi nikaona nisiiharibu, mwaka ukaisha, miaka ikaenda, nikajikuta nina kesi tatu.

Sasa ndipo anapoingia Pazi. Pazi ana duka la vyombo chini ya jengo letu, sufuria, mabeseni, ndoo, hotpoti, na juu ya geti lake ametundika spika moja ya bomba ambayo inaita wateja kutwa nzima, kwa sauti yake mwenyewe aliyoirekodi akiwa na mafua. Akaja juu saa saba mchana.

"Dada Skola, wewe sauti yako inauza. Nirekodie tangazo, nikupe hotpoti, ile kubwa ya maua."

Jamani, ile hotpoti nilikuwa naipitia kila asubuhi nainamia bei yake narudi nyuma. Nikamwambia Pazi niachie flashi yako, njoo baada ya nusu saa. Na badala ya kutumia simu yangu (ina kioo kimepasuka na sauti inatoka ina mikwaruzo), nikaona kuna ubaya gani, rekoda ya ofisi hii hapa, inanasa vizuri, nusu dakika tu. Huo ndio uamuzi wangu. Mdogo hivyo. Nilipoichukua nikakuta taa yake nyekundu bado inawaka tangu asubuhi, nikasema kumbe sijaizima, nikaizima, nikawasha upya, nikatangaza sufuria kwa madaha yote, "Njoo mama, njoo dada, sufuria haiunguzi wali wala haikuachi njaa!" Kuhusu ile taa nyekundu sikufikiria tena. Mtu mwenye akili angefikiria.

Nikaichomeka rekoda kwenye kompyuta, nikaona mafaili mawili tu, maana ndiyo kwanza Jumatatu. Nikajiambia la kwanza ni la Bi Tatu, la asubuhi, na la chini ni la kwangu, la mwisho. Nikahamisha la chini kwenye flashi. Kumbe mashine ile inaweka jipya juu. Hata kulisikiliza sikulisikiliza, kwa sababu hotpoti ilikuwa tayari akilini mwangu ina pilau. Pazi akaja akachukua flashi yake, akashuka anapiga mluzi.

Saa kumi kasoro. Mama Wakili amesharudi kutoka mahakamani, amevua viatu, anakunywa chai. Mimi niko kwenye mashine nimevaa vile vidude vya masikioni nachapa wosia wa Bi Tatu (nilikuwa nimeshaona kwamba la juu ni la sufuria, nikaliruka tu, wala kengele haikulia kichwani, ndiyo kwanza nikajisifu kwa sauti tamu). Nikavua vidude nijinyooshe. Nikaendelea kuisikia sauti ya Bi Tatu.

Nikavitazama vile vidude. Viko mezani. Sauti iko dirishani.

"Mimi Tatu binti Salum, mfanyabiashara wa khanga, nina akili zangu timamu, sikulazimishwa na mtu..."

Mama Wakili akaweka kikombe chini. Akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Akasema polepole, "Skola. Hiyo sauti inatoka wapi?" Nilishafika ngazini.

Ngazi za ghorofa tatu nilizishuka sijui kwa miguu ipi, kiatu kimoja kilibaki ghorofa ya pili na mpaka leo sijakiona. Natokea chini, geti la Pazi limefungwa kwa kufuli, ameichomeka flashi akaondoka na ufunguo, amekwenda kuswali alasiri. Vyombo vya nje kamwachia muuza mihogo amtazamie, lakini swichi na flashi viko ndani ya nondo, unaviona kabisa na huvifikii. Na spika iko juu, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, kwa heshima ya sauti yangu tamu.

"...nikirudi Hija naacha biashara, miguu inavimba..."

Watu walikuwa wameanza kusimama. Mwenye mkokoteni amesimama, mwenye bodaboda amezima injini. "Nani kafa?" mmoja akauliza. "Bi Tatu wa khanga, wanasoma wosia wake." "Weee! Asubuhi nimenunua kwake!" "Ndiyo dunia hiyo." Mama mmoja akaanza "Inna lillahi" kwa sauti, na Bi Tatu mwenyewe akatoka dukani kwake na kigoda mkononi, macho yamemtoka, akapiga kelele, "Niko hai! Mimi hapa niko hai!" Halafu akaielewa ile sauti ni ya nani, na ni ya lini. Kigoda kikamtoka mkononi. Akarudi ndani akajifunika khanga gubigubi.

Hapo nikafanya jambo ambalo ndilo wananiigizia mpaka leo. Nikaona kama siwezi kuizima basi niifunike. Nikasimama katikati ya watu, na kiatu changu kimoja, nikaanza kulitangaza lile tangazo kwa mdomo, kwa nguvu zangu zote, na mikono juu, "NJOO MAMA! NJOO DADA! SUFURIA HAIUNGUZI WALI!" Huku nacheza. Sijui kwa nini nilicheza. Watu wakafurahi, wakapiga makofi, wakasema hii promosheni ya mwaka huu kali, wakazidi kuja, hadi waliokuwa wanaelekea Mchikichini kuchagua mitumba wakakata kona. Nilikuwa nafukuza watu watano nikaita hamsini.

Nikachukua ufagio wa muuza mihogo, nikarundika ndoo za Pazi, tano, sita, nikapanda niipige ile spika ianguke. Nimeigusa mara moja. Ndoo zikaniteleza, nikashuka na zote, nikakaa, kwa makalio kabisa, ndani ya beseni kubwa la bluu, na beseni likanibana. Nikajaribu kunyanyuka, nikanyanyuka nalo. Watu walilia kwa kicheko. Na katikati ya kicheko hicho, Mama Wakili aliyerekodiwa akauliza spikani kwa upole, "Na Bi Asha?"

Vichwa vyote vikageukia upande wa pili wa barabara. Wote tunajua Bi Asha ni nani. Alikuwa mlangoni kwake, mikono kiunoni, mama mrefu, mweusi wa kung'aa, hana masihara.

Kikapita kile kimya cha asubuhi. Halafu sauti ya Bi Tatu, ndogo, ya machozi, ikatoka kwenye lile bomba.

"Cherehani ya Kombo ni ya Asha. Alisema mbele yangu, siku tatu kabla hajafa, cherehani mpe Asha, yeye ndiye anayejua kuipindia khanga. Nikasema haya. Alipokufa nikaificha, nikasema nilipewa mimi. Asha akaniita mwizi mbele ya watu, na mimi nikamwita muongo, na muongo ni mimi. Miaka kumi na mmoja. Sijaishonea hata pindo moja. Andika nikifa apewe, na theluthi ninayoruhusiwa kuwapa wasio warithi apewe yeye, na aambiwe Tatu anaomba radhi."

Na Mama Wakili akamjibu, "Theluthi sawa, mke mwenza si mrithi wako, unaweza. Lakini cherehani hapana, Bi Tatu. Huwezi kumuusia mtu kitu ambacho ni chake. Mrudishie sasa hivi, yuko hapo chini."

"Kwa mdomo gani, mwanangu? Kwa mdomo gani?"

Mimi nililia hapo hapo nikiwa na beseni. Nilijiona mtu mbaya kuliko wote waliowahi kupita mtaa ule, maana huyu mama alikuja akafunga mlango, akatukabidhi jambo moja tu tulitunze, na jambo lenyewe sasa analisikia muuza mihogo. Nikamwona Bi Asha anashuka ngazi ya duka lake. Anatembea taratibu. Hatua moja, ya pili. Watu wakampisha.

Na hapo, jamani, wakati huo mtakatifu, mtaa mzima umeshika pumzi, spika ikaendelea. Ile taa nyekundu mnaikumbuka? Ikasikika milango inafungwa, kiti kinazunguka nyiinyii, halafu sauti ya kutokea puani, "Skola, hii ni chai au maji ya kunawia?" Na sauti yangu ya kawaida, "Maji ya kunawia, Mama, chai unywe utakaponiongeza mshahara." Na ya puani tena, "Utaongezwa nikifa, nimekuweka kwenye wosia." Halafu simu, halafu mimi, "Mama, siwezi kuongea sana, nina kesi tatu, mawakili wenzangu wananisubiri."

Nikageuka. Mama Wakili amesimama mlangoni pa jengo, amevaa ndala zake za ofisini, kikombe cha chai mkononi. Akakitazama kikombe. Akanitazama mimi na beseni langu. Ningelipa nauli ya kurudi Masasi ili anifokee tu.

"Wakili msomi!" mwenye bodaboda akaniita, mtaa ukaangua kicheko upya, na spika nayo, iliyotegwa kurudia kila baada ya dakika chache, ikarudi mwanzo, "Mimi Tatu binti Salum, nina akili zangu timamu..."

Katika kicheko hicho ndipo Bi Asha akaingia dukani kwa Bi Tatu. Sikuwa mbali, nilikuwa nimekaa chini (kusimama ilikuwa haiwezekani), niliona vizuri. Akaishika ile khanga ambayo Bi Tatu alijifunika, akaifunua.

"Tatu."

Bi Tatu akaivuta khanga yake ajifunike tena.

"Tatu, ninaongea na wewe. Unasubiri ufe ndiyo unipe cherehani? Na mimi nikitangulia, utamletea nani? Utaichimbia?"

Bi Tatu akasema, uso kwenye magoti, "Nisamehe, mwenzangu. Nilitaka kitu chake kimoja ambacho wewe huna."

"Mimi nilijua iko stoo kwako. Siku zote nilijua." Bi Asha akaingiza mkono kifuani, akatoa kijifuko cha kitambaa, akakifungua. "Ungeishoneaje hata ungetaka? Bobini yake ninayo mimi."

Kile kidude cha chuma cha uzi wa chini, wanaoshona mnakijua, bila hicho cherehani ni meza tu. Siku ya msiba, wakati huyu anaificha cherehani, yule alikuwa ameshaichomoa bobini. Miaka kumi na mmoja mmoja anatunza mashine isiyoshona na mwenzake anatembea na bobini kifuani, na hapo katikati wanatukaniana kwa khanga.

Bi Tatu akaiangalia ile bobini. Akamwangalia Bi Asha. "Asha, wewe ni mwizi."

"Na wewe ni muongo."

Wakaanza kucheka. Jamani, vile vicheko vya watu wazima vinavyoanzia tumboni, wakashikana mabega, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko, Bi Asha anasema "Kombo huko aliko anatuona", na mwenzake anasema "Anahesabu nani amelia zaidi, atugawie sawa." Hadi wapita njia walikuwa wanafuta macho. Wanaume wawili wakaingia stoo, wakaitoa ile cherehani, imefunikwa shuka safi, haina hata vumbi, na hilo Bi Asha aliliona, akalipapasa lile shuka.

Pazi akatokea msikitini, akakuta mbele ya duka lake pamejaa. Akadhani ni tangazo. Aliuza sufuria zote zilizokuwa nje, watu walinunua kwa furaha tu, na lile beseni langu wakaligombania (lilitolewa kwa sabuni ya maji na wanawake watatu, tusiongeze hapo). Spika aliizima mwishoni kabisa, baada ya wosia kusikika mara ya pili na mimi kuomba nyongeza ya mshahara mara ya pili.

Mama Wakili alivuka barabara akasimama mbele ya Bi Tatu kama anavyosimama mbele ya jaji.

"Bi Tatu, ofisi yangu imekukosea. Una haki ya kunishitaki panapohusika, na nitakuonyesha mwenyewe pa kwenda. Huyu karani nitamwondoa leo."

Hapo sikucheka. Bi Tatu alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Amenivua nguo sokoni, mtoto huyu. Hilo nitalisema hata mbele ya Mungu." Nikainamisha kichwa. "Lakini usimfukuze. Mtoe kwenye mashine, mrudishe kwenye kalamu."

Basi ndiyo hivyo. Sikufukuzwa. Rekoda inafungiwa kabatini na siigusi, naandika kwa mkono mpaka kidole kimeota sugu. Pazi alinipa hotpoti mbili kwa furaha ya mauzo, na Mama Wakili akaichukua ile ya maua, akaibandika karatasi, akaiandika "Kielelezo Na. 1", iko juu ya meza yake na wateja wakiuliza anawaelekeza kwangu. Kila asubuhi ninapompelekea kikombe anakinusa kwanza, halafu kwa ile sauti ya puani, yake ya kweli sasa, anauliza, "Skola, hii ni chai?"

Jioni ile ile nilimpigia mama Masasi. Nilisema nimwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na spika. Mama, mimi si wakili, mimi ni karani, nachapa. Mama akasema, "Nilijua siku nyingi. Wakili gani anaomba mama yake amtumie korosho akauze Buguruni?" Akacheka mpaka akakata simu kwa bahati mbaya.

Siku mbili baadaye Bi Tatu akaja kusaini. Wosia ulikuwa mfupi kuliko tulivyoanza, kile kifungu cha cherehani Mama Wakili alikifuta kwa wino mwekundu. Mashahidi walikuwa wawili, hakuna aliyeachiwa kitu ndani yake, mambo yote kwa taratibu. Alipomaliza akafika mezani kwangu, baibui mkononi, akasimama.

"Skola mwanangu, naondoka kesho. Kama nilikukosea nisamehe."

"Bi mkubwa, mimi ndiye..."

"Nilikuwa nimepanga Asha asikie nikiwa nimeshafukiwa," akasema. "Angekuja kaburini, angecheka, angelia, angenitolea ile bobini yake kifuani. Na mimi ningekuwa chini hapo, siwezi kumjibu."

Akashuka ngazi zetu zisizo na taa, mimi nimemshika mkono mpaka chini. Bi Asha alikuwa amekaa mbele ya maduka yote mawili, cherehani katikati, anapinda doti moja nyeupe ya safari, khanga ya kwanza ya mwenzake na ya pili yake mwenyewe. Kwenye milango yao siku hiyo hapakutundikwa maneno yoyote, na watu walikuwa wanasimama kuangalia kama kuna kitu kimeibiwa.

Kwa hiyo mimi nimeapa, na safari hii nimeapa kimya kimya maana kule juu kuna spika. Kitu cha ofisi hakinasi tena sauti yangu, kiti cha Mama Wakili sikizungushi, na mtu akiniambia funga mlango nitaufunga na kitasa nitakishikilia. Na hotpoti, kama mna ya kuniuzia, niuzieni kwa pesa.